Supaglu imetia ukungu kioo cha Spitfire, sasa nitumie gundi gani?

Swali la msomaji kutoka Tanga: "Shikamoo kaka. Naunda Spitfire ya plastiki, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya vita vya pili vya dunia, skeli ya 1/72 yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli, kila kitu kimeenda vizuri mpaka nilipofika kwenye kioo cha rubani. Nilikibandika usiku kwa supaglu ya kawaida ya dukani, asubuhi nakuta kimefanya ukungu mweupe na alama za vidole vyangu zinaonekana kabisa. Ile gundi yenyewe ya modeli niliogopa kuitumia manake nasikia inayeyusha. Sasa nitumie ipi, na hiki kioo bado kinaokoleka au ndo nitupe?"

Marahaba mdogo wangu. Usikitupe, kwa ulivyoelezea kuna uwezekano mkubwa kinaokoleka, huko mbele ntakueleza namna ya kukicheki. Ila nianze na gundi, manake ukikiokoa kioo alafu ukakibandika tena kwa gundi ile ile tutakuwa tumefanya kazi bure.

Jibu la haraka ni gundi nyeupe ya maji, PVA, ile inayouzwa duka la vifaa vya shule au hadwea kwa ajili ya mbao, ambayo ikikauka inageuka angavu. Kwa kioo cha Spitfire ya 1/72 hiyo inatosha kabisa. Wengi wakisikia hivi hawaamini, wanaona gundi ya kubandikia madaftari itashika vipi plastiki, lakini hebu jiulize hicho kioo kinabeba nini. Miguu ya matairi inabeba ndege nzima, mabawa watu wanayashika kila siku wakiinyanyua, kioo kimekaa tu pale juu hakibebi chochote. Kwa hiyo kwenye kioo usianze kuuliza gundi gani ina nguvu zaidi, uliza hii gundi wakati inakauka inaifanyia nini plastiki angavu, inatoa mvuke gani na inayeyusha nini. Ukishalishika hilo utaweza kuchagua mwenyewe hata kwa modeli ambayo mimi sijaitaja hapa.

Sasa kilichokupata. Supaglu, jina lake la kikemia ni sayanoakrileti, haikauki kwa kupoteza maji wala thina, inaganda ikikutana na unyevu. Unyevu kidogo tu ulioko hewani na juu ya plastiki unatosha, na wewe uko Tanga, unyevu huko si wa kutafuta. Tatizo ni kwamba sio gundi yote inaganda pale ulipoiweka, sehemu yake inapaa kama mvuke kabla haijaganda, ule mvuke unatua kwenye chochote kilicho karibu, unakutana na unyevu pale na unagandia hapo hapo kama vumbi jeupe. Na kioo cha rubani ndo mahali pabaya kuliko pote, manake umefunga kichumba kidogo kabisa na mvuke umo ndani hauna pa kutokea, unazunguka humo usiku kucha. Ukiweka tone kubwa ndo mbaya zaidi kwa sababu linachelewa kuganda na muda wote huo linatoa mvuke.

Hizo alama za vidole nazo hazijatokea kwa bahati mbaya. Mvuke wa supaglu unapenda sana kugandia pale kidole kilipoacha jasho na mafuta, na ndo maana polisi wa nchi nyingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wanautumia kufichulia alama za vidole, wanaweka kitu kwenye kabati lililofungwa wanapasha moto supaglu kidogo na alama zinajitokeza nyeupe. Kichumba cha rubani wako kimefanya kazi ile ile. Na kuna jambo moja la historia huwa linanigusa sana kila nikilikumbuka, hii kemikali iligundulika mwaka 1942 huko Marekani na watu waliokuwa wanatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki, wakaiacha kwa sababu inanata kila kitu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza yeye na vioo hawajawahi kuelewana.

Zipo supaglu zisizotoa harufu, hizo zinatia ukungu kidogo sana, lakini bei yake iko juu na kuzipata huku ni shida, na bado kwa kioo sioni sababu ya kuhangaika nazo. Alafu angalizo, usije ukatumia ile spreyi ya kuharakisha supaglu karibu na plastiki angavu, baadhi yake zina kemikali zinazopasua kioo vibaya kuliko hata huo ukungu.

Tuje kwenye gundi ya modeli uliyoiogopa. Uoga wako una msingi ila tuuweke sawa. Modeli yako imetengenezwa kwa polistairini, na kioo pia ni polistairini ila aina angavu na ngumu inayovunjika kirahisi, usichanganye na kioo cha Spitfire ya kweli ambacho kilikuwa cha Perspex, yaani akriliki, ukiacha lile bapa la mbele la kuzuia risasi. Gundi kama Tamiya Extra Thin, ile chupa ya kifuniko cha kijani, ndani yake kuna asetoni na butili asetati, kazi yake ni kuyeyusha polistairini ya pande zote mbili ziingiliane ziwe kitu kimoja. Kwenye mwili wa ndege na mabawa hakuna gundi nzuri kama hiyo. Kwenye kioo tatizo linakuja mara mbili. La kwanza ni wazi, tone likidondoka kwenye eneo angavu limeacha kovu. La pili ndo watu hawalijui, plastiki angavu ikishapigwa kwenye moldi kiwandani inabaki na mkazo ndani yake, na ukiikata vibaya kwenye fremu, yaani vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande vya modeli kwenye boksi, au ukailazimisha ikae mahali isipotoshea unaongeza mkazo mwingine juu ya ule, sasa gundi yenye asetoni ikigusa pale penye mkazo plastiki inaachia, zinatokea nyufa ndogo ndogo nyembamba mno zinazometameta ukielekeza kwenye taa. Nyufa hizo ziko ndani ya plastiki yenyewe. Hakuna dawa.

Ndo maana nakwambia hata kabla ya gundi, angalia unavyokitoa kioo kwenye fremu. Koleo la kukatia likibana plastiki angavu unaona kabisa alama nyeupe inaingia ndani, hapo umeshapanda mbegu ya ufa. Tumia msumeno mwembamba, au kata mbali na kioo uache kipande, alafu msasa laini umalizie taratibu. Kisha kijaribishe kukaa bila gundi. Kama kinanyanyuka pembeni chonga mwili wa ndege, usikibane kwa tepu ili kikae kwa nguvu, kioo kinatakiwa kitulie chenyewe kabla ya gundi yoyote.

Na kama mwili wa ndege umeuunganisha kwa gundi ya modeli siku hiyo hiyo, subiri. Ile gundi inaendelea kutoa mvuke kwenye mshono hata kama kwa nje unaona pamekauka, ukifunga kioo juu yake mvuke unabaki humo ndani. Acha angalau siku nzima na kichumba kikiwa wazi.

Haya, PVA inavyowekwa. Osha kioo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, acha kikauke chenyewe, kuanzia hapo kishike kwa kibanio au kwenye kingo tu. Dondosha tone la gundi kwenye kifuniko cha chupa ya soda, chovya ncha ya kijiti cha meno, alafu pitisha mstari mwembamba kwenye ukingo wa mwili wa ndege pale kioo kitakapokaa, sio kwenye kioo. Kikalishe, kisogeze mpaka kikae sawa, una dakika kadhaa za kusogeza na hii ni raha ambayo supaglu haikupi. Gundi iliyotokeza nje ifute na pamba ya masikio iliyoloweshwa na kukamuliwa, izungushe unapofuta ili kila mara upande msafi ndo uguse. Weka vipande viwili vya maskin tepu laini vikishike bila kukikandamiza, uiache modeli mpaka kesho. Kwenye maelezo ya chupa utasoma nusu saa, lisaa, ila PVA inakauka kwa maji kutoka, na huku pwani hewa yenyewe imejaa maji kwa hiyo hayatoki haraka, msimu wa mvua mi naacha hata siku mbili. Ukiona mstari bado una weupe basi maji bado yamo.

Kama kuna mwanya kati ya kioo na mwili jaza na PVA hiyo hiyo kwa brashi nyembamba, lainisha kwa brashi yenye maji, ikikauka itasinyaa kidogo unarudia. Ukipaka rangi juu hakuna atakayejua palikuwa na mwanya.

Uzuri mwingine wa PVA ni kwamba ukikuta baadaye kuna unyuzi au vumbi ndani ya kioo unalowesha mshono kwa maji, unasubiri, unakinyanyua, unasafisha, unabandika tena. Hii peke yake ingetosha kunishawishi. Lakini hapo hapo ndo penye udhaifu wake, ukishabandika kwa PVA usipige msasa wa maji kwenye ule mshono, italegea.

Sio kila gundi nyeupe ni sawa lakini. Gundi nyingine za mbao zikikauka zinakuwa za njano, zingine zinabaki na ukungu. Kabla hujagusa kioo dondosha tone kwenye kile kipande cha fremu angavu kilichobaki, kesho yake kiangalie kwenye mwanga, ukiona halionekani basi hiyo gundi imefaulu. Gundi maalumu za vioo vya modeli kama Micro Kristal Klear ya Microscale, Formula 560 au Contacta Clear ya Revell nazo ni za maji na zinafanya kazi kwa namna hiyo hiyo, zina ulaini wake mzuri, na Kristal Klear unaweza kuivuta kwa kijiti cha meno ikatanda kwenye tundu dogo ikawa kioo kabisa, watu wa ndege za abiria za 1/144 wanajazia madirisha hivyo. Ukipata mtu anatoka nje mwagize chupa moja, inakaa muda mrefu sana. Ukikosa usisimamishe kazi.

Sasa kuna sehemu PVA haitoshi na nisingependa nikudanganye. Spitfire kile kioo kiko vipande vitatu kwa wanaotaka kukiweka wazi, cha mbele, cha katikati kinachoteleza na cha nyuma. Cha mbele kwenye ndege ya kweli kimeungana na mwili moja kwa moja, hakuna mfereji pale, kwa hiyo wapo wanaotaka kujaza na kupiga msasa mpaka mshono upotee. Hapo unataka gundi inayostahimili msasa. Epoksi ndo chaguo langu, ile ya mirija miwili kama Araldite, chukua inayokauka haraka na iliyo angavu. Epoksi haitoi mvuke wa kutia ukungu na haiyeyushi polistairini, ikichafua unaifuta kwa pamba yenye spiriti kabla haijaganda. Changanya sawa kwa sawa kwelikweli, ukizidisha upande mmoja inabaki kunata milele. Kasoro yake inageuka njano kadiri miaka inavyoenda, kwa hiyo iweke kwenye ukingo utakaopakwa rangi, isikae mahali panapoonekana.

Na hata Extra Thin inaruhusiwa kwa hali moja, mafundi wazuri wanaifanya. Kioo kimekaa chenyewe bila kulazimishwa, mshono uko kwenye ukingo wa kioo utakaopakwa rangi, chukua brashi nyembamba sana, ifute karibu yote kwenye mdomo wa chupa, gusa mshono mara moja uache gundi ikimbie yenyewe. Inakimbia kweli, na inakimbilia popote penye upenyo mwembamba, ikiwemo chini ya maskin tepu na chini ya kidole chako. Watu wengi wameharibu vioo wakiwa wameshavifunika kwa tepu wakidhani wamevilinda, kumbe tepu ndo imeivuta gundi ikaisambaza kioo kizima. Kwa hiyo kama utaitumia, tepu ikae mbali na mshono na vidole vishike kwingine kabisa. Ila we kwa sasa, modeli za mwanzo, kaa na PVA.

Niguse na magari, manake najua wengi mnaosoma mnaunda ya 1/24. Vioo vya madirisha vinaingia kutokea ndani ya bodi, ukingo haupigwi msasa, PVA inamaliza kazi. Taa za mbele ni tofauti kidogo, lenzi ni ndogo na inakaa juu ya kikombe cha rangi ya fedha, kila kitu kinaonekana. Pale rezini ya UV, yaani ile inayoganda ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, ni nzuri mno, unaweka kitone kidogo, unaikalisha lenzi, unaizungusha mpaka mistari yake inyooke, alafu unaimulika na inaganda hapo hapo, na kwa kuwa lenzi ni angavu mwanga unapenya mpaka chini. Huna taa ya UV? Nenda saluni yoyote inayoweka jeli za kucha, zile taa zao nyingi zinagandisha rezini za aina hii. Ila ukiwa huko saluni ile chupa ya kutolea rangi ya kucha iweke mbali na modeli yako, nyingi ni asetoni.

Turudi kwa kioo chako. Kwanza kitoe. Supaglu ikipata baridi kali inakuwa dhaifu, kwa hiyo weka modeli kwenye mfuko wa nailoni uufunge, uiingize friza kwa masaa machache, ukiitoa pitisha wembe mwembamba kwenye kona moja ya mshono na usukume kwa pembeni, usikinyanyue kwenda juu. Supaglu ikivutwa inashika sana lakini ikisukumwa kwa pembeni inaachia. Mara nyingi unasikia mlio mdogo na kioo kimetoka. Ukiona hakitaki kirudishe friza, usigombane nacho.

Sasa kiweke kwenye taa. Ukiona weupe umekaa juu juu kama vumbi, na ukipitisha kijiti cha mbao unaacha mstari, huo ni ukungu wa supaglu na unatoka. Ukiona vistari vinavyometameta ndani na kucha haivihisi kabisa, hizo ni nyufa. Kwa hadithi yako naona ni ukungu tu.

Ukungu mwepesi unaondoka kwa dawa ya kung'arishia, Tamiya wana mirija mitatu, Coarse, Fine na Finish, unakwenda kwa mpangilio huo, ukikosa chukua polishi laini ya rangi ya gari au hata dawa ya meno nyeupe isiyo ya jeli. Weka kidogo kwenye kitambaa laini au pamba ya masikio, zungusha taratibu bila kukandamiza, ndani na nje. Pale palipoganda gundi yenyewe anza na msasa wa maji namba 2000, ukipata 3000 endelea nao, kisha polishi. Usiogope ukiona msasa umekifanya kioo chote kikawa cheupe zaidi ya mwanzo, ndivyo inavyokuwa, kila hatua inafuta mikwaruzo ya hatua iliyopita. Shikilia kioo juu ya kidole chako chenyewe kwa ndani ili kisipasuke. Asetoni usiilete hapa hata kidogo, ni kweli inayeyusha supaglu lakini inayeyusha na kioo.

Ukishamaliza kioshe, alafu kama una vanishi angavu ya akriliki ya kung'aa kichovye humo. Zamani watu wote walitumia polishi ya sakafu ya Johnson, Uingereza ikiitwa Klear na Marekani Future, siku hizi haipatikani tena kwa jina hilo, kuna Gauzy Agent ya AK Interactive inafanya kazi hiyo. Kichovye, kitoe taratibu, gusisha kona moja kwenye tishu inyonye kilichozidi, kifunike na bakuli vumbi na wadudu wasiingie, kiache siku mbili. Ile ngozi nyembamba inajaza mikwaruzo ambayo polishi haikuimaliza, kioo kinarudi na uangavu ambao hata kwenye boksi hakikuwa nao, na inakilinda kwa kiasi na mvuke wa supaglu ukija kuitumia karibu yake.

Na ikitokea kwenye taa ukaona ni nyufa, bado kuna njia. Kitumie hicho hicho kibovu kama moldi, kijaze ndani kwa epoksi kiwe kigumu, kiingize kwenye chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa, isiyo na maandishi wala mikunjo, pasha kwa hewa ya moto mpaka chupa inywee na kukibana, kikipoa kata ukingo kwa wembe mpya. Unapata kioo chembamba kuliko cha kiwandani na kwa 1/72 kinapendeza sana. Ila chupa hizo ni PET, gundi ya modeli haizishiki kabisa, hapo tumia PVA au epoksi.